Nusu ya Maisha Kumi

Kamusi inataka nimwite bavyaa, yaani baba wa mume wangu, lakini hapa Kitengela ukilitamka neno hilo watu watadhani umepaliwa na chai. Mimi na yeye huitana Pakiteng. Siku nilipoletwa kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado, alinipa ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, na kwa Wamaasai aliyetoa ng'ombe na aliyepewa huitana hivyo hadi mmoja wao azikwe. Jina lake hasa ni Parmuat. Mimi ni Beverlyne, binti ya Wasike wa Kimilili, na ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya kibinafsi ambayo sitaitaja kwa sababu bado nautaka mshahara.

Kwetu Bungoma, baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani hata mkono. Basi fikiria siku ile ya kwanza: mzee mrefu mwenye shuka nyekundu amesimama mbele yangu, na mume wangu Dennis ananinong'oneza, "Inamisha kichwa." Nikainamisha nikidhani tunaomba. Kiganja kikashuka juu ya nywele nilizozihangaikia saluni tangu asubuhi, kikatulia kidogo, kikaondoka. Ndiyo salamu yao. Mtoto, au mwanamke mwenye umri mdogo, huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa, na huinui kichwa kabla hujaguswa. Siku hiyo nilitamani kukimbia hadi Kimilili. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikianza kuinama tangu langoni.

Parmuat hakusoma, ila anaiheshimu karatasi kuliko mawakili wanavyoiheshimu. Alijifunza kwa uchungu. Miaka ya tisini aliweka kidole kwenye karatasi ya Kiingereza aliyosomewa haraka haraka na dalali mmoja mcheshi, akiamini anakodisha malisho kwa msimu mmoja. Msimu huo haujaisha hadi leo. Fleti ya orofa nne tunayopanga hapa Noonkopir, mtaa wa Kitengela, imesimama juu ya malisho yale, na kila akija kututembelea hupanda ngazi polepole akiugusa ukuta. Mtu mwingine akidanganywa hivyo huacha kabisa kuamini karatasi. Yeye aligeukia upande wa pili: akaamua kwamba kidole kikishawekwa kimewekwa, na kosa ni la mwenye kidole ambaye hakusikiliza. Tangu hapo kila karatasi lazima asomewe mara mbili, polepole, na akishaweka kidole chake hakuna wa kumrudisha nyuma.

Mimi nami nina ugonjwa wangu. Siwezi kupita kibao kilichoandikwa vibaya bila kukisahihisha moyoni, na dukani huagiza mayai kwa sauti ya kumfundisha muuzaji upatanisho wa ngeli. Watoto wangu wawili, Sheryl na Melvin, wakisema "kitabu yangu" chakula huchelewa. Kwa hiyo Daktari Ndanu, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wangu, aliponiuliza siku ya wazazi kama ningeweza kutafsiri fomu ya utafiti, niliona nimepata hatimaye kazi ya saizi yangu.

Ndanu alikuwa akifanya kazi katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, na utafiti wake ulikuwa kwenye hatua ya kwanza kabisa kwa binadamu. Alinieleza hivi. Wanachukua dawa kidogo mno, ya aina inayopenda kujishika kwenye uvimbe wa saratani, wanaifunganisha na madini yenye mnururisho, yaani miale isiyoonekana, wanakudunga mshipani, kisha mashine inapiga picha ya mahali dawa ilipokwenda kukaa. Haiponyi chochote. Kazi yake ni kuonyesha tu, na mimi nikaipa jina la kionyeshi. Madini yale huchoka upesi: kila dakika sitini na nane nguvu yake hupungua kwa nusu, na ikishapungua hivyo mara kumi, hakuna kilichobaki cha kuogopwa. Fomu ya Kiingereza ilisema aliyedungwa asikaribie watoto wala wajawazito hadi vipindi hivyo kumi vipite. Ndanu ni mtu wa hesabu, na kwake jambo hilo lilikuwa wazi kama mchana.

Kipindi kimoja cha kupungua namna hiyo, wanafizikia hukiita nusu-maisha. Ningeweza kuandika muda wa saa kumi na mbili. Ningeweza hata kuandika hadi kesho asubuhi. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na istilahi ni istilahi. Nikaandika: "Kaa umbali wa mita mbili au zaidi kutoka kwa mtoto yeyote na kwa mama mjamzito, hadi nusu ya maisha kumi zipite." Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti jikoni, nikaona ina mdundo.

Kanuni za utafiti zinataka tafsiri irudishwe ilikotoka. Mtu mwingine, ambaye hakuiona fomu ya kwanza, huichukua ile ya Kiswahili na kuigeuza tena Kiingereza, kisha kamati hulinganisha. Kazi hiyo alipewa kijana anayeitwa Kitonga, mwenye shahada ya fizikia. Kitonga alipofika ukurasa wa nne na kukuta "nusu ya maisha," alilitambua neno hilo kama rafiki yake wa chuoni, akaandika neno lile lile la Kiingereza nililoanza nalo. Kamati ikaona fomu mbili zimefanana kama pacha, ikapiga muhuri. Hakuna aliyewaza kumpa fomu hiyo mtu asiyejua fizikia, ambaye ndiye angesomewa. Mimi niliandikiwa barua ya shukrani, nikaitundika sebuleni.

Miezi michache baadaye Parmuat alipatikana na uvimbe. Ulikuwa mahali ambapo mke wa mwana hapataji, kwa hiyo nitasema chini ya kitovu na tuendelee. Daktari wake alimwanzishia matibabu ya kawaida, sindano kila baada ya miezi mitatu, akasema kwa umri wa miaka sabini na mbili ugonjwa huu mara nyingi hutembea polepole. Ni mimi niliyeutaja utafiti wa Ndanu. Nilikuwa na sababu mbili, na ya pili ilikuwa kwamba nilitaka asikie fomu yangu ikisomwa.

Tulipomfikisha, Ndanu hakuzungukazunguka.

"Mzee, nikwambie ukweli kwanza. Hii kitu haitakusaidia wewe. Hata hatujui kama inafanya kazi vizuri. Mpaka sasa tumejaribu na panya tu."

"Panya ngapi?" Parmuat akauliza.

"Arobaini."

"Zilipona?"

"Hatukuwa tunazitibu, mzee. Tulikuwa tunaziangalia."

"Na mimi mnataka kuniangalia tu."

"Ndio. Itasaidia wale watakuja nyuma."

Parmuat alicheka hadi akashika magoti. Njiani kurudi alinieleza sababu. "Pakiteng, mimi nimeahidiwa visima tatu, dispensari moja, na hiyo barabara yetu mara nne. Huyu ndio mtu wa kwanza amekuja kuniambia hakuna kitu ataniletea. Huyo lazima nimsaidie."

Siku ya kuweka kidole nilikuwa na mimba ya miezi saba, kwa hiyo nilikaa kwenye korido kama fomu yangu mwenyewe ilivyoagiza. Ndani alikuwa na muuguzi anayeitwa Ruth. Sheria ya kazi yao ni kusoma kama ilivyoandikwa, bila kuongeza la kwako, na Ruth ni mtu wa sheria. Alisoma mara mbili. Alikuja kuniambia baadaye sana kwamba mzee alimkatiza mahali pamoja tu, ukurasa wa nne.

"Hata wajukuu?"

"Hata wajukuu, mzee."

"Hata huyu bado kuzaliwa?"

"Huyo zaidi."

Parmuat akamwomba Ruth arudie pale panaposema utafiti utawasaidia watu wengine siku zijazo. Alipomaliza kusikiliza, akaweka kidole. Ruth aliona ni mzee makini, akaendelea na kazi.

Alidungwa saa nne asubuhi, akapigwa picha, na Ndanu akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Parmuat akaonyesha sehemu mbili zilizokuwa zinang'aa sana. "Hapa ndio ugonjwa?" La, hizo ni figo. "Na hapa?" Hapo ni kibofu. "Sasa ugonjwa iko wapi?" Ndanu akamwonyesha kidoa kilichofifia hapo chini. "Basi dawa yenu imepotea njia," Parmuat akasema, na Ndanu akakiri kwamba ndiyo hasa waliyotaka kujua. Dennis akampeleka Kajiado kwa pikapu, mimi nikarudi kivyangu. Saa tatu na dakika ishirini usiku nilitazama saa ya ukutani nikampigia Dennis simu, nikamwambia vipindi kumi vimepita na baba yake sasa hana kitu mwilini. Sikufikiria kwamba baba mwenyewe angetaka kujua.

Wiki mbili baadaye tukaenda kuwasalimia. Sheryl na Melvin walishuka garini mbio, wakasimama mbele ya babu yao, wakainamisha vichwa. Parmuat alirudi hatua tatu. Akaingiza mikono yote miwili nyuma ya shuka.

"Takwenya," akawasalimu kutoka kule.

"Iko," wakajibu, vichwa vikiwa chini.

Wakangoja. Wamelelewa vizuri, wanajua kwamba huinui kichwa kabla hujaguswa. Waliendelea kungoja huku kuku wakipita katikati yao, hadi mama mkwe wangu Nailantei alipotoka jikoni akifuta mikono, akawagusa yeye, wa kwanza na wa pili, kama anayemaliza kazi ya mtu mwingine. Mimi na tumbo langu tukasogea tuinamishe kichwa. Parmuat akageuka akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Tulipokuwa tunarudi, tukiwa tumeganda nyuma ya malori ya mawe ya machimbo, Sheryl aliuliza kuhusu babu yake, "Mami, Akui amekasirikia kichwa yangu?" Sikumsahihisha. Ndiyo siku nilipojua kwamba nimeumia.

Hali ikawa hiyo. Alijijengea chumba cha mabati mwisho kabisa wa ua, akawa analala huko. Watoto wakiingia langoni, yeye anatokea upande wa pili. Nailantei alisema ni hasira ya wagonjwa. Dennis alisema ni dawa za hospitali, zinabadilisha mtu. Mimi, kwa kuwa nimesoma zaidi yao wote, nilijua sababu hasa: mzee amekaribia mwisho, amehesabu uzao wake, na amekumbuka kwamba hawa wangu ni nusu Waluhya. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilitazama nyuma miaka yote nikapata ushahidi, maana ukiutafuta ushahidi wa namna hiyo huukosi.

Mtoto akazaliwa, msichana, tukamwita Nashipae. Siku ya kunyolewa nywele na kupewa jina, nyumba ilijaa watu. Nailantei akamnyoa kwa maji na maziwa, kichwa kikang'aa. Kilichobaki ni babu aje amwekee mkono. Babu alikuwa amesimama nje ya ua, ng'ambo ya miiba, na alikuwa amemtuma Dennis na ndama jike mweupe.

"Baba anasema hii ni ya mtoto," Dennis akasema, akimshika ndama kwa kamba bila kunitazama.

Nilimwambia mtoto hahitaji ndama, anahitaji mkono. Nikatoka na Nashipae hadi kwenye ua, wageni wakinifuata nyuma, nikamuuliza mzee wa watu kwa sauti, "Mtoto wa Mluhya hana kichwa?"

Alimtazama mtoto kutoka kule ng'ambo. "Pakiteng," akasema, "kichwa yake ni mzuri sana."

"Mimi si Pakiteng. Niite Beverlyne."

Hakuniita Beverlyne wala jina jingine lolote kwa majuma yaliyofuata, na mimi niliendelea kumchukia kwa bidii, huku ndama akinenepa.

Kisha Ndanu akanipigia simu. Walikuwa wanataka kuingia awamu ya pili na fomu ilikuwa inawasumbua. "Ukurasa wa nne," akasema. "Tumeomba watu tisa. Saba wakifika hapo wanasema watarudi kesho, na hawarudi. Wamebaki wawili, baba yako mkwe na mzee Obonyo, yule seremala wa Gataka." Nikauliza kwa nini Obonyo alibaki. Alisema wajukuu wake hawamtembelei hata hivyo. Mimi, kwa fahari yangu yote, nilimjibu Ndanu kwamba tatizo ni umaskini wa msamiati miongoni mwa wananchi, na nikapendekeza tuongeze faharasa. Akasema nije siku ambayo Parmuat anakuja kuulizwa maswali ya ufuatiliaji, tuipitie pamoja.

Hiyo ilikuwa miezi mitano baada ya sindano. Nilienda na Nashipae mgongoni. Chumbani tulikuwa Ndanu, Ruth na mimi. Dennis alimshusha baba yake mlangoni pa jengo akaenda kutafuta mahali pa kuegesha. Parmuat akapanda, amekonda kuliko nilivyokumbuka, akafika mlangoni, akaniona, akamwona mtoto, akarudi hatua tatu kwenye korido.

"Mtoto atoke kwanza," akasema.

Hapo nililipuka. Nilisema mbele ya watu wenye shahada kwamba nimechoka, kwamba kama hataki damu yangu katika ukoo wake aseme leo kukiwa na mashahidi, na ndama wake aje amchukue.

Ndanu akainua mkono. "Mzee, ingia tu. Mtoto hana shida hapa."

"Iko shida," Parmuat akasema. "Nyinyi mmesahau?"

Akatoa mfuko wa nailoni chini ya shuka, na ndani ya mfuko nakala yake ya fomu, imekunjwa ukurasa wa nne ukiwa juu. Ruth alikuwa amempigia mstari kwa kalamu siku ile. Akanyoosha mkono kwa urefu wake wote ili niipokee bila yeye kusogea.

"Soma, Pakiteng."

Nikasoma, pamoja na mdundo wake wote. Kaa umbali wa mita mbili au zaidi. Hadi nusu ya maisha kumi zipite.

"Nusu kumi ni ngapi, mwalimu?"

"Tano," nikasema, kwa mazoea ya darasani.

"Maisha tano," akasema Parmuat. "Mimi niko na moja, na hiyo moja nimeikula karibu yote. Kwa hivyo nilijua ni kwisha, sitashika mtoto tena. Na nimefuata. Miezi tano sijashika hata moja."

Ruth alikaa chini.

"Mzee," Ndanu akasema, "ulidhani inasema hivyo, na bado ukaweka kidole?"

"Wewe ulisema itasaidia wale watakuja nyuma." Akaonyesha mgongo wangu kwa kidevu. "Si ndio hawa?"

Nililia. Ningependa kuandika kwamba machozi yalinilengalenga, ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi, lakini nililia kwa sauti na kamasi hadi Nashipae akaamka. Nilimuuliza kwa nini hakusema, miezi yote hiyo, siku ile kwenye ua, kwa nini aliniacha nimtukane. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si wewe ndio uliandika? Nilijua unajua. Nilikuwa naona unalia roho kwa sababu ya hiyo karatasi, kama mimi."

Ikabidi nimweleze. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikaeleza tena. Aliuliza maswali mafupi, kama anayenunua ng'ombe.

"Hiyo maisha ilikuwa ya nani?"

"Ya dawa."

"Si yangu?"

"Si yako. Ni dawa ndiyo ilikuwa inapungua."

"Na ilikufa lini?"

"Siku ile ile. Saa tatu na dakika ishirini usiku."

"Hapo nilikuwa nakunywa uji," akasema. "Sheryl alikuwa ameongea na mimi kwa simu ya Dennis. Nilikuwa nashika simu mbali."

Nikamwambia ni neno langu lililokosea, si yeye, na sasa aingie amshike mtoto. Hakusogea. Akasema yeye aliweka kidole. Karatasi inasema vile inasema, na kidole chake kiko chini yake, na mara ya mwisho alipofikiri karatasi inasema kitu kingine alipoteza Noonkopir. Kama imekosea, irekebishwe, asomewe, aweke kidole upya.

Ndanu alijikuna shingo. Fomu haiwezi kubadilishwa hivi hivi, akaeleza. Lazima iandikwe barua ya marekebisho, ipelekwe kamati, ijadiliwe. Wiki sita, pengine nane.

"Sawa," Parmuat akasema. "Nitangoja."

Alikuwa anamaanisha. Angerudi Kajiado akakae kwenye mabati yake wiki nane nyingine, na wala hakuna aliyejua ana wiki ngapi. Nimeona watu wengi wakivunja ahadi zao kubwa kubwa katika nchi hii bila hata kikohozi, na huyu mmoja alikuwa anaitunza ambayo hakuna aliyewahi kumtaka aitoe. Hasira yangu yote ya miezi mitano ikakosa mahali pa kukaa ikanirudia mwenyewe. Nikachana karatasi kwenye daftari langu la kusahihishia, nikaandika kwa herufi kubwa: DAWA ILIKWISHA SIKU ILE ILE SAA TATU NA DAKIKA ISHIRINI USIKU. SHIKA WATOTO.

Hapakuwa na istilahi hata moja. Nikaweka sahihi yangu na tarehe.

"Hii si ya kamati," nikamwambia. "Hii ni ya mimi na wewe, Pakiteng."

Aliichukua, akampa Ruth asome. Si mimi. Ruth akasoma mara mbili, polepole, bila kuongeza la kwake. Parmuat akaniuliza mimi kama kuna mahali popote pameandikwa nusu. Nikasema hakuna. Ndanu, ambaye kazi yake ingeweza kuota mbawa kwa kuruhusu karatasi isiyo na muhuri kwenye chumba chake, akafungua droo akatoa kibweta cha wino, akakisukuma mezani, kisha akageuka kutazama dirisha.

Ruth akakipeleka mlangoni pamoja na karatasi, na Parmuat akaweka kidole. Akaingia ndani hatua tatu zile zile alizorudi nyuma. Nikamfungua Nashipae mgongoni, nikamgeuza, na mkono ukamshukia, kiganja chote, juu ya kichwa kile ambacho nyanya yake, Koko Nailantei, alikuwa bado anakinyoa kila mwezi. Ulikaa muda mrefu. Ulipoondoka, paji la mtoto lilikuwa na alama ya dole gumba, ya zambarau, imetokea vizuri kuliko ile ya kwenye karatasi. Dennis alipofika kutoka kwenye maegesho, jambo la kwanza alilotaka ni kumpangusa. Nilimwambia akijaribu tutapelekana kwa chifu.

Wino ulikaa siku nne. Barua ya kamati ilikuja wiki ya tisa. Wamekubali maneno "hadi kesho yake asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa," ambayo Parmuat mwenyewe ndiye aliyeyapendekeza, na wameniomba nichunguze kama hakuna istilahi ya kitaalamu zaidi. Sijawajibu. Ile barua ya shukrani nimeitoa ukutani. Uvimbe wake bado upo pale nisipopataja. Haukuondoka, wala hakuna aliyemwambia utaondoka, na anaamka usiku mara nyingi kuliko zamani.

Jumamosi iliyofuata siku ile ya wino tulienda Kajiado. Sheryl alishuka garini bila mbio. Alisimama mbali na babu yake, mikono yake nyuma, kama alivyofundishwa na miezi mitano. Parmuat akamwendea yeye, hatua kwa hatua, hadi akamfikia, na mtoto akainamisha kichwa polepole akiwa bado anamchungulia. Mkono ukashuka. Kuku wakapita. Melvin akaja akaguswa kwa mkono wa pili, akachoka, akachomoka akaenda kumwona ndama. Sheryl akabaki pale, shingo ikaanza kumuuma.

"Akui," akasema akiwa ameinama, "imetosha."

"Bado," Parmuat akasema. "Hii ilikuwa ya leo. Sasa iko ya miezi tano."